Ateri Ikizibwa, Nani Ashuhudie?

Katika maabara nyingi za tiba duniani hufanyika jaribio moja ambalo maelezo yake huandikwa kwa maneno machache sana: kwamba ateri ya ubongo ya panya ilizibwa kwa muda fulani, kisha ikafunguliwa. Maneno hayo huonekana mepesi, lakini yamebeba dai zito. Msomaji anatakiwa akubali kwamba ateri ile ilizibika kweli, kwamba ilibaki imezibika muda wote uliotajwa, na kwamba ilipofunguliwa damu ilirudi. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu linaloonekana kwa macho, kwa kuwa ateri yenyewe imejificha chini ya fuvu. Makala haya yanatetea rai moja yenye sehemu mbili. Kwanza, jaribio la kuziba ateri ambalo mtiririko wa damu haukupimwa tangu mwanzo hadi mwisho halistahili kuhesabiwa kuwa ushahidi. Pili, kipimo cha nuru, ambacho ndicho kitumiwacho zaidi kwa kazi hiyo, nacho hakina budi kuhojiwa kama anavyohojiwa shahidi yeyote.

Suala hili si la mabingwa peke yao. Kiharusi, ambacho mara nyingi hutokea ateri ya ubongo inapozibwa na damu iliyoganda, ni maradhi yanayoua na kulemaza watu wengi katika Afrika Mashariki. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na katika sehemu za jiji la Dar es Salaam, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi walikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Dawa nyingi zinazokusudiwa wagonjwa wa aina hiyo huanza safari yake katika mwili wa panya. Ikiwa lililotokea katika mwili wa panya halikupimwa sawasawa, kosa hilo husafiri pamoja na dawa.

JICHO LILIKUWA CHOMBO CHA KWANZA

Fikra ya kuziba mshipa ili kujua damu inavyokwenda ni ya kale. Mwaka 1628 tabibu wa Kiingereza, William Harvey, alichapisha kitabu kifupi kwa lugha ya Kilatini juu ya mwendo wa moyo na damu katika wanyama. Katika mojawapo ya majaribio aliyoyaeleza, alimpasua nyoka aliye hai, akaubana mshipa uletao damu moyoni. Moyo ukapauka na kunywea. Alipouachia mshipa ule na kuibana ateri itokayo moyoni, moyo ukavimba na kugeuka rangi ya zambarau. Alipoachia tena, rangi na ukubwa vikarejea. Kwa upande wa binadamu, Harvey alifunga mkono kwa kitambaa. Kitambaa kikikazwa sana, mapigo ya ateri chini yake hupotea na mkono hupoa. Kikilegezwa kidogo, ateri hufunguka lakini vena hubaki zimebanwa, na mkono huvimba na kuiva wekundu.

Yafaa mwanafunzi atambue kwamba ushahidi huo wa Harvey, kwa sehemu kubwa, ulikuwa ushahidi wa nuru. Alichokiona ni rangi na ukubwa, na rangi si kitu kingine ila ni nuru iliyorudishwa na tishu baada ya sehemu yake kunyonywa. Mwaka 1661 Mwitalia Marcello Malpighi aliongeza hadubini katika kazi hiyo, akaeleza kapilari alizoziona katika mapafu ya chura, yaani vile vijishipa vyembamba mno viunganishavyo ateri na vena, ambavyo Harvey alivihisi kwa akili bila kuviona.

Hata hivyo, jicho lina mipaka miwili. Huona kile tu kilichofunuliwa, na tishu ikifunuliwa hupoa, hukauka na kubadilika, hata ikawa si ile iliyokusudiwa kuchunguzwa. Aidha, jicho halitoi tarakimu. Laweza kusema kwamba moyo umepauka, lakini haliwezi kusema kwamba mtiririko wa damu umepungua kwa asilimia 60 na wala si 80. Katika ubongo, kama itakavyoelezwa, tofauti hiyo ndiyo mpaka baina ya tishu itakayopona na tishu itakayokufa.

NURU INAVYOSAFIRI NDANI YA TISHU

Mtu akiziba kioo cha tochi kwa kiganja chake gizani, ataona vidole vinang'aa kwa wekundu. Sababu ni kwamba hemoglobini, ile rangi ya damu ibebayo oksijeni, hunyonya sana nuru ya samawati na ya kijani, lakini huiacha nuru nyekundu ipite kwa wingi zaidi. Mbele kidogo ya nuru nyekundu kuna mnururisho wa infraredi, usioonekana kwa macho. Baina ya urefu wa mawimbi wa nanometa 650 na 900, hivi, damu na maji vyote viwili hunyonya kidogo, na kwa hiyo nuru hupenya sentimita kadhaa ndani ya nyama. Hilo ndilo dirisha ambalo maumbile yameliacha wazi.

Ndani ya dirisha hilo kuna jambo jingine la manufaa. Hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoiachia hazinyonyi nuru kwa kadiri sawa. Kwenye nanometa 660 ile isiyo na oksijeni hunyonya zaidi. Kwenye nanometa 940 mambo hugeuka. Kwa kulinganisha rangi hizo mbili, yawezekana kukadiria ni sehemu gani ya hemoglobini imebeba oksijeni. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alitumia tofauti hiyo pamoja na mapigo ya ateri, na mwaka 1974 wazo lake la kipimo cha oksijeni kwa mapigo lilitangazwa nchini mwake. Vile vifaa vidogo vibanavyo kidole hospitalini ni wajukuu wa kazi hiyo. Lakini msomaji aangalie: kifaa hicho huishi kwa mapigo. Ateri ikizibwa kabisa, mapigo hupotea, na kifaa hukosa la kusema katika saa ile ile ambayo kauli yake inahitajiwa zaidi.

Njia nyingine zikatafutwa. Mwaka 1977 Frans Jöbsis, katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, alionyesha kwamba mnururisho wa infraredi waweza kupita katika kichwa cha paka aliye hai bila kufungua fuvu, na kutoa habari za oksijeni ndani ya ubongo. Mlango ulifunguka wa kufuatilia hali ya ubongo dakika kwa dakika hata pale ambapo mapigo ni hafifu.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika majaribio ya kuziba ateri, hutumia leza na athari ya Doppler. Kila aliyesimama stesheni ameisikia athari hiyo: treni ikija huku ikipiga honi, sauti huwa nyembamba, ikishapita, sauti huwa nzito. Nuru nayo hufanya hivyo hivyo. Ikigonga chembe nyekundu ya damu iliyo mwendoni, hurudi ikiwa imebadilika kidogo idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Ugumu ni udogo wa badiliko hilo. Nuru nyekundu ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanometa 633 hutetema kama mara trilioni 474 kwa sekunde. Chembe ya damu iendayo milimita moja kwa sekunde huweza kuibadilisha kwa mitetemo isiyozidi kama 3,000 tu. Hakuna chombo kiwezacho kuhesabu tofauti hiyo moja kwa moja. Lakini filimbi mbili zinazokaribiana sauti, zikipulizwa pamoja, hutoa mvumo unaopanda na kushuka, na mvumo huo huhesabika kwa urahisi. Vivyo hivyo, nuru iliyorudishwa na tishu tuli ikichanganyika na ile iliyorudishwa na chembe ziendazo, mwanga hupanda na kushuka mara elfu kadhaa kwa sekunde, na kipokea-nuru cha kawaida huweza kuusoma. Riva, Ross na Benedek walipima kwa njia hii mwendo wa damu katika mishipa ya jicho la sungura mwaka 1972. Mwaka 1975 Michael Stern alieleza matumizi yake kwa vijishipa vidogo vya tishu hai.

KISA CHA UZI WA NAILONI

Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote mwili unapopumzika. Kwa kawaida gramu 100 za ubongo hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Majaribio ya miaka ya 1970, ambayo mengine yalifanywa kwa nyani, yalionyesha kwamba mtiririko ukishuka hadi karibu na mililita 20, umeme wa chembe za ubongo huzimika, lakini chembe zenyewe bado zi hai. Ukishuka hadi karibu na 10, pampu za chumvi katika kuta za chembe hushindwa, na kifo huanza. Katika makala ya mwaka 1981, Astrup, Siesjö na Symon walililinganisha eneo lililo baina ya mipaka hiyo miwili na kile kivuli chepesi kizungukacho kivuli kizito wakati wa kupatwa kwa jua. Tishu iliyo katika kivuli chepesi imenyamaza, lakini haijafa. Damu ikirudi mapema, yaweza kuamka. Matibabu yote ya leo ya kufungua ateri ya mgonjwa wa kiharusi, tangu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilipothibitishwa mwaka 1995 kwa wagonjwa waliofikiwa ndani ya saa tatu, yamesimama juu ya fikra hiyo.

Ili kuchunguza kivuli hicho chepesi, watafiti walihitaji njia ya kuziba ateri ya ubongo na kuifungua tena bila kupasua fuvu. Koizumi na wenzake huko Japani waliieleza mwaka 1986, na Longa na wenzake huko Marekani wakaieleza kwa namna yao mwaka 1989. Uzi mwembamba wa nailoni, ambao ncha yake imefanywa butu kwa joto, huingizwa katika ateri ya shingo ya panya na kusukumwa juu hadi ufike mahali inapoanzia ateri ya kati ya ubongo. Hapo uzi huziba njia. Muda ukitimia, huvutwa, na damu hurudi. Njia hii imeenea duniani kote kwa sababu ni rahisi na haihitaji vyombo vya bei kubwa.

Urahisi huo ndio mtego. Anayesukuma uzi haoni ncha yake. Ukisimama kabla ya kufika, ateri haizibiki. Ukipitiliza, hutoboa mshipa na damu humwagika juu ya ubongo. Ukiwa mwembamba kidogo kuliko inavyotakiwa, damu hupenya kando yake. Mwaka 1998 Schmid-Elsaesser na wenzake huko Munich walichapisha uchunguzi wa njia hiyo kwa kutumia kipimo cha leza na Doppler, wakaonyesha kwamba kwa baadhi ya panya ateri ilifunguka kabla ya wakati bila mtafiti kukusudia, na kwa wengine damu ilivujia nje ya mishipa. Pasipo leza, panya hao wote wangeandikwa katika daftari moja na wenzao, chini ya neno lile lile: wamezibwa.

Fikiria basi maana ya jambo hilo. Panya kumi wamepewa dawa mpya, kumi hawakupewa. Ikitokea kwamba katika kundi la kwanza panya watatu hawakuzibika sawasawa, ubongo wao utaonekana umedhurika kidogo, na sifa itaiendea dawa. Dawa hiyo itasifiwa, itagharimiwa, na hatimaye itafikishwa kwa wagonjwa. Mwaka 2006 O'Collins na wenzake walihesabu mbinu 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa dhidi ya kiharusi, na ilikuwa dhahiri kwamba mafanikio mengi ya maabara hayakuwafuata wagonjwa wodini. Dawa moja iliyoitwa NXY-059, iliyowafaa wanyama, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, na haikuwafaa. Itakuwa ni uwongo kudai kwamba sababu ya kushindwa huko kote ni ateri zisizopimwa. Sababu ni nyingi: wanyama vijana wanalinganishwa na wagonjwa wazee, dawa hutolewa mapema mno, makundi hayagawanywi kwa kura. Lakini kati ya sababu hizo, hii ya kutojua kama ateri imezibika ni miongoni mwa zile zinazoweza kuondolewa leo hii, kwa chombo ambacho tayari kipo.

SHAHIDI NAYE AHOJIWE

Baada ya kusema hayo, kosa la pili ni kuisadiki nuru bila kuihoji. Tarakimu inayotoka katika chombo cha leza si mililita za damu. Ni kadirio la wingi wa chembe ziendazo likizidishwa kwa mwendo wake, katika kipande cha tishu kama milimita moja ya ujazo, na halina kizio cha kudumu. Kwa hiyo haliwezi kulinganishwa baina ya mnyama na mnyama, isipokuwa kila mmoja alinganishwe kwanza na hali yake mwenyewe ya kabla ya kuzibwa. Watafiti wengi hudai mshuko wa kama asilimia 70 au zaidi kutoka kiwango hicho cha mwanzo ndipo wakubali kwamba ateri imezibika. Mwanasayansi anayetaja tarakimu ya chombo bila kutaja kiwango cha mwanzo ni kama mfanyabiashara atajaye bei bila kutaja ni ya kilo ngapi.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Hata damu ikisimamishwa kabisa, chombo hakisomi sifuri. Chembe zilizosimama bado hutikiswa na joto, kwa mtikisiko ule ule alioueleza Robert Brown mwaka 1827 alipotazama vijipande vilivyotoka katika chavua ndani ya maji, na nuru huutafsiri mtikisiko huo kuwa mwendo. Wataalamu hukiita kiasi hicho kinachobaki sifuri ya kibiolojia. Asiyekijua atasema kwamba damu inapita kidogo, kumbe haipiti kabisa. Katika ubongo, ambako kidogo na hapana ni mambo mawili tofauti, huo ni upotofu mkubwa.

Tatu, chombo husoma mahali kilipogusa tu. Kikiwekwa pembeni mwa eneo lililozibwa, kitaripoti kivuli chepesi huku kivuli kizito kiko milimita chache kando yake. Kikisogea, mnyama akipumua kwa nguvu au mwili wake ukipoa, tarakimu hubadilika ilhali ateri iko vile vile. Kwa sababu hiyo njia nyingine, ya madoadoa ya leza, ina thamani yake. Leza ikiangaza tishu, hutokea madoadoa ya nuru na kiza. Panapopita damu, madoadoa huchanganyika na kufifia katika picha. Fercher na Briers walieleza wazo hilo mwaka 1981, na mwaka 2001 Dunn na wenzake walilitumia kuchora ramani ya mtiririko wa damu katika ubongo wa panya. Ramani huonyesha pale ambapo nukta moja ingeweza kudanganya.

Nne, kuna suala la ngozi, na hili lawahusu kwa karibu wasomaji wa Kiafrika. Melanini, rangi ya ngozi nyeusi, hunyonya nuru kabla haijaifikia damu. Panya weupe watumiwao sana katika maabara hawana melanini, na hata hivyo leza mara nyingi huwekwa juu ya fuvu baada ya ngozi kufunuliwa, kwa hiyo swali halikujitokeza mapema. Kwa wagonjwa lilijitokeza. Mwaka 1990 Jubran na Tobin waliripoti kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni havikuwa sahihi kwa wagonjwa weusi kama vilivyokuwa kwa weupe. Miaka 30 baadaye, mwaka 2020, uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao chombo kiliwasomea asilimia 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Yaani mtu alikuwa amepungukiwa oksijeni, na chombo kikamtangaza kuwa salama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Shahidi aliulizwa maswali mahali pamoja, kisha akaaminiwa mahali pengine.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wapo wasemao kwamba kipimo cha nuru ni anasa: panya akiamka hali amepooza upande mmoja, hiyo yatosha kuwa dalili kwamba ateri ilizibika. Hoja hiyo haina nguvu. Kupooza huthibitisha kwamba madhara yametokea, lakini hakusemi ateri ilifunguka saa ngapi. Tena panya aliyevuja damu juu ya ubongo naye aweza kupooza. Dalili moja, sababu mbili.

Wengine hutaja gharama. Ni kweli kwamba chombo cha leza si cha bei ndogo kwa chuo kikuu chenye bajeti finyu. Lakini hesabu kamili haiishii kwenye bei ya chombo. Kila mnyama asiyepimwa ambaye matokeo yake hayaaminiki ni mnyama aliyetaabishwa bure, na kazi yake hurudiwa kwa mwingine. Mwaka 1959 Russell na Burch, nchini Uingereza, walipendekeza kanuni tatu katika kuwatumia wanyama kwa utafiti: pawe na kibadala kila kinapopatikana, idadi yao ipunguzwe, na mateso yao yapunguzwe. Kipimo cha nuru hutumikia kanuni ya pili moja kwa moja, kwa sababu mnyama ambaye ateri yake haikuzibika hutambuliwa papo hapo, na kundi dogo lililopimwa vizuri hutoa habari kuliko kundi kubwa la kubahatisha.

Wapo pia wanaosema kwamba mnyama asitumiwe kabisa. Rai hiyo inastahili heshima, wala haijibiwi kwa kejeli. Lakini maadamu hapajapatikana njia nyingine ya kuona ubongo mzima, wenye mishipa na damu yake, ukipita katika saa ya kuzibwa, majaribio haya yataendelea. Na maadamu yanaendelea, deni dogo kabisa ambalo mtafiti anadaiwa na mnyama ni kuhakikisha kwamba yaliyompata yameandikwa kwa ukweli.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu wa sekondari asiye na leza bado anao uwezo mkubwa. Tatizo la shule nyingi ni kwamba nuru hufundishwa katika fizikia na damu katika biolojia, kana kwamba mwanafunzi ana vichwa viwili. Glasi mbili zatosha kuanza kuziunganisha. Moja itiwe chai ya rangi iliyokolea, nyingine maji yenye maziwa kidogo, na tochi iangazwe kupitia kila moja. Katika zote mbili nuru inayotokea upande wa pili itapungua. Lakini chai imeinyonya, na maziwa yameitawanya. Mwanafunzi atakayeona kwamba upungufu ule ule una sababu mbili tofauti amekwisha kuelewa kwa nini tarakimu ya chombo haijitafsiri yenyewe.

Jaribio la pili ni la ukucha. Ukibonyezwa kwa sekunde tano, hupauka; ukiachiwa, wekundu hurudi, kwa kawaida kabla ya sekunde mbili. Hapo mwanafunzi amezuia damu isipite katika kapilari na kushuhudia kurudi kwake kwa nuru. Na arudie baada ya kutia mkono katika maji baridi, ataona wekundu unachelewa, ijapokuwa moyo wake haujaugua. Kisha darasa lijadili: je, tabibu aliyemkuta mgonjwa ana vidole baridi angeweza kukosea wapi? Mwalimu aonye tu kwamba kidole kisifungwe kwa uzi au mpira, kwa maana kukizuilia damu si mchezo.

Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo ataweza kusoma ripoti yoyote ya kuziba ateri, hata akiwa hana shahada, na kuiuliza maswali matatu. Je, mtiririko wa damu ulipimwa kabla, wakati na baada ya kuziba, na ulishuka kwa asilimia ngapi? Je, wanyama ambao ateri zao hazikuzibika walikuwa wangapi, na walipelekwa wapi katika hesabu? Je, chombo chenyewe kilithibitishwa juu ya tishu na ngozi ya aina gani? Ripoti iliyo na majibu yasomwe kwa makini. Ripoti isiyo nayo irudishwe kwa mwandishi wake, hata kama imetoka katika chuo chenye jina kubwa. Na siku vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vitakapoagiza vyombo vya nuru kwa ajili ya maabara na hospitali zao, maswali hayo hayo yaulizwe kwanza kwa muuzaji, kabla fedha haijatoka.